Shemeji, sakitu hata huku inapiga

Shemeji juzi uliandika sakitu, ile baridi ya kugandisha majani usiku, imeunguza viazi vyote vya bondeni hapo Makete, halafu ukamalizia "nyie mlioko Marekani mna kila kitu, hata Mungu hamna haja nae". Nilisoma nikiwa breki kazini na neno lile halijanitoka mpaka leo. Wacha nikujibu ukweli.

Februari 2021 nilikuwa hapa hapa Dallas. Jumapili tarehe 14 theluji ikashuka watoto wakafurahi, usiku wa kuamkia jumatatu umeme ukakata. Texas nzima ilikuwa shida, nyumba zaidi ya milioni nne gizani, maana mitambo ya umeme iliganda, gesi nayo ikakwama, na gridi yao, yaani mtandao wa umeme wa jimbo, karibu yote imejitenga na majimbo mengine kwahiyo hata kuazima umeme wa kutosha haiwezekani. Jumanne asubuhi nje nyuzi 19 chini ya sifuri. Mimi mtoto wa Makete nakwambia baridi ile sikuwahi kuiona, na nyumbani angalau mnaota moto jikoni, huku nyumba ya mbao na hita ya umeme, umeme ukienda umebaki na kuta tu.

Tulilala wanne kitanda kimoja na majaketi, soksi tumevaa mpaka mikononi. Usiku wa pili nikaona pumzi ya mdogo inatoka kama moshi, nikaenda kuchukua lile jiko la mkaa la kuchomea nyama nikalileta mpaka mlangoni. Wife akanishika mkono akasema hapana. Nilikuwa na hasira, nilimkasirikia hata Mungu, nikasema kwa sauti umetuleta huku tufe? Ila jiko nikaliacha nje. Baadae tukasikia kuna watu wamekufa ndani kwao kwa hewa ya mkaa na ya magari waliyowasha gereji. Jimbo lilihesabu vifo 246, na wengi wao waliomba kama sisi tulivyoomba, kwahiyo siwezi kukudanganya kwamba tulipona kwa sababu ya imani yetu, wanaohubiri hivo wananiumiza sana.

Kilichonishika ni kingine. Wife alifungua Zaburi ya 147 kwenye simu, chaji inakaribia kuisha, pale inapouliza mbele ya baridi yake nani awezaye kusimama. Baridi YAKE shemeji. Waliozembea kukinga mitambo wana lawama yao na walaumiwe, lakini ile baridi yenyewe ina mwenyewe, sio kitu kilichopotea njia, na mwenyewe namjua, naweza kumlilia, hata kugombana nae nikagombana nae usiku ule ule. Nikalala.

Alhamisi umeme ukarudi, bomba la jirani wa juu likapasuka, dari ikashuka kwenye kitanda kile kile, sisi tuko jikoni tunachemsha maji. Wiki nzima hakuna kazi hakuna malipo, ndo ule mwezi mama sikumtumia kitu mkadhani nimewasahau. Niliona aibu kusema.

Hela ya mbegu ntatuma mshahara ukiingia tarehe 15. Yale mashina ya upande wa mlimani mwambie dada asiyang'oe kwanza, achimbue kidogo aangalie kama chini bado mabichi.