Kwanini LED ya wati 9 inamulika sawa na globu ya wati 60

Mkuu uliyeuliza kama tunapigwa Kariakoo kwa kuuziwa LED ya wati 9 eti inamulika sawa na globu ya zamani ya wati 60, hapana hujapigwa. Mi nafunga umeme majumbani mwaka wa 11 huu, taa za kila aina nimezifungua.

Globu ya zamani ni jiko kuliko taa. Umeme unapita kwenye kile kiwaya cha tangsteni chembamba kama unywele kinapata moto mpaka nyuzi 2,500 hivi za sentigredi ndo kinang'aa, kama chuma cha mhunzi, na ndani wameweka gesi ya agoni kwa sababu kikikutana na hewa kinaungua palepale. Sa katika kila wati 100 unazolipia luku, hata 10 hazifiki zinazotoka kama mwanga, zingine zote joto. Mamdogo wangu wa Chanika alikuwa analelea vifaranga kwa globu za wati 100, akaona zinamla umeme akaniomba LED, nikamwambia usibadilishe ila sababu sikumwelewesha, akaita fundi mwingine. Usiku vifaranga wakalundikana kwa baridi, asubuhi anaokota waliokufa. Mwanga ulikuwepo, joto ndo halikuwepo. Iliniuma sana.

Tyubu na enaji seva zenyewe umeme unapita kwenye mvuke wa zebaki, unatoa mionzi ambayo jicho haliioni, ikigonga ule unga mweupe wa ndani ya kioo ndo unga unang'aa. Ikipasuka fungua madirisha kwanza, watoto wakae mbali, maana ile zebaki ni sumu.

LED haingoji kitu kipate moto. Ndani kuna vijipande vya galiamu naitraidi (kitu kinachopitisha umeme nusunusu), elektroni, yaani zile chembe za umeme, zikidondokea kwenye nafasi zilizo wazi mle ndani nishati inatoka moja kwa moja kama mwanga wa bluu, halafu ule unga wa njano juu yake (unauona taa ikiwa imezimwa na kile kifuniko cheupe kimetoka) unageuza sehemu ya ile bluu, vikichanganyika unaona nyeupe. Ndo maana wati chache zinatosha.

Ila joto kidogo lipo, linakaa kwenye kitako, na kule ndo kuna saketi ya kupunguza volti 230. Zinazoletwa kwangu zimekufa mapema nyingi nakuta kapasita (kile kikopo kidogo cha kutunza chaji kwenye saketi) imevimba, au kidoti kimoja, yaani kijipande kimoja cha LED, kina alama nyeusi na kwa vile vimeungwa kwa kufuatana kikifa kimoja vyote vinazima. Kwa hiyo kama zako zinakufa mapema na umezifungia kwenye yale mabakuli ya kioo yaliyozibwa kabisa, na hili joto la Dar, anza kwa kuyatoa.