Malaika analinda kwa sharti? Kutoka 23 na Zaburi 91

Swali: Shalom pasta. Kutoka 23:20-22 inasema malaika atatulinda tukisikiza sauti yake, lakini Zaburi 91:11 inasema malaika watakulinda katika njia zako zote, na hapo sharti siioni. Je, zinapingana? Nauliza juu mwezi wa tano 2021, volkano ilipolipuka na tukaambiwa tuhame, mama yangu alikataa, akasema Zaburi 91 inatosha, kuhama ni kukosa imani. (Dada mmoja wa Majengo, Goma)

Jibu: Shalom dada. Hapa kuna kitenzi kimoja cha Kiebrania, shamar, na ukikishika hicho mengine yanafunguka. Maana yake ni kuangalia kitu usikiachilie macho. Kaini anapouliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake (Mwanzo 4:9) ni neno hilo hilo, mchunga kondoo anashamar kondoo, na mtu anayeshika amri za Mungu naye anazishamar. Usilichanganye na shama, kusikia, watu wengi wanakosea hapo.

Sasa weka kidole ku Kutoka 23. Mstari wa 20, malaika anatumwa "akulinde njiani", lishmorka. Mstari wa 21, "jitunzeni mbele yake", hishamer, kitenzi ni kile kile kimegeuzwa tu upande. Malaika anakuangalia wewe, na wewe umuangalie malaika. Njo maana neno sharti silipendi sana, linafanya ionekane kama kontra ya nyumba. Ona vile tunatembea usiku hapa Goma umeme ukikatika, juu ya haya mawe makali ya lava, mmoja mbele na tochi ya telefoni: ukikata kona yako peke yako utajikwaa, na siyo kwamba mwenye tochi amekukasirikia, ni wewe umeacha mwanga.

Zaburi 91:11 ina lishmorka ile ile, herufi kwa herufi, na tena pamoja na neno njia, kwa hiyo mimi naona mtunzi alikuwa na Kutoka kichwani. Na lile unalotafuta limo, soma mstari wa 9, umemfanya Aliye juu kuwa makao yako, na wa 14, "kwa kuwa amekaza kunipenda". Halafu wa 15 Mungu anasema atakuwa pamoja naye taabuni, ndani ya taabu dada, hakusema taabu haitafika.

Shetani naye alisoma zaburi hii, Mathayo 4:6, pale juu ya hekalu, akimwambia Yesu ajitupe chini. Angalia alichoruka: "wakulinde katika njia zako zote". Luka 4:10 anabakisha "wakulinde" lakini njia haimo hata kule. Kujitupa chini siyo njia, Mungu hakumtuma Yesu huko. Yesu akajibu na Kumbukumbu 6:16, usimjaribu Bwana Mungu wako, na ukisoma mstari unaofuata, wa 17, zishikeni amri, Kiebrania ni shamor tishmerun, shamar mara mbili mfululizo! Kila nikifundisha hapo moyo unanichemka.

Mama yako simhukumu, pengine ni mtu aliyeona lava ya Januari 2002 ikipita katikati ya mji akabaki mzima, imani yake haikutoka hewani. Lakini kusema kuhama ni kukosa imani, andiko halisemi hivyo. Ile tarehe 27 mwezi wa tano, amri ilipotoka, nilibeba matela kichwani, bibi yangu mtoto mgongoni, tukaenda na miguu mpaka Sake katikati ya ule umati wa watu na mabidoni, na nilikuwa naisema hiyo hiyo Zaburi 91 kilomita baada ya kilomita. Njia ya Sake nayo imo ndani ya "njia zako zote". Msomee mama mstari wa 11 na wa 15 pamoja, polepole, na umuulize yeye anasikia nini, usianze na 2021.