Re: Wakubwa kuwafundisha wadogo korongo wa karatasi

Mwalimu, umeuliza kama wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kuwafundisha watoto wa darasa la pili kukunja korongo wa amani, yule ndege wa karatasi wa Kijapani. Wanaweza, ila wakubwa wajifunze kwanza mpaka wakunje bila kuangalia maelekezo.

Mkubwa akae ubavuni mwa mtoto, asikae mbele yake. Akikaa mbele, mtoto anaona kila kitu kinyume na kushoto kunakuwa kulia. Karatasi iwe mraba kamili, sentimita 20 hivi kila upande. Ndogo zaidi ya hapo zinawatesa vidole. A4 iliyokatwa inatosha, hata gazeti, mradi kila mkunjo usuguliwe kwa ukucha. Pagumu ni pale unapoinua ncha ya tabaka la juu na pande mbili zinaingia ndani kama maganda ya ndizi. Hapo mkubwa afungue, mdogo abane. Kichwa na mkia amwachie mwenyewe, hata vikipinda.

Kuhusu Sadako Sasaki, msichana wa Kijapani ambaye korongo hawa wanahusishwa naye: alikuwa na miaka 2 bomu lilipoangukia Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, akafa kwa saratani ya damu Oktoba 1955. Ile habari kwamba hakufikisha korongo 1,000 aliokuwa akikunja hospitalini ili apone imeenea sana, lakini kaka yake amesema alizidisha. Mnara wa watoto uliozinduliwa Hiroshima mwaka 1958 ulitokana na kampeni ya wanafunzi wenzake, na hilo ndilo ningewasimulia wakubwa.

Mkitaka kutundika elfu, Wajapani kwa kawaida hutunga nyuzi 25, kila uzi korongo 40.