Maswali ya briji: mwenzako akifungua pau au uru

Safari hii maswali yote yanahusu rangi ndogo, yaani pau na uru. Majibu yanachukulia kwamba mnafungua kopa au shupaza mkiwa na karata tano, na 1 BT (bila turufu) kwa pointi 15 hadi 17. A, K, Q na J zinahesabiwa 4, 3, 2 na 1.

Mwenzangu amefungua 1 pau. Nina pointi 8, pau nne, na tatu tatu za kila rangi nyingine. Nimuunge mkono kwa pau?

Hapana, sema 1 BT. Huenda yeye ana pau tatu tu: mwenye pau 3 na uru 3 hufungua pau, mwenye 4 na 4 hufungua uru. Kuunga pau kunataka tano mkononi mwako. Uru ni imara zaidi, kwa sababu aliyefungua 1 uru ana uru tatu katika umbo moja tu: shupaza 4, kopa 4, uru 3, pau 2. Kwake nne zinatosha.

Nina pointi 7, kopa nne na uru tano. Kafungua 1 pau. Nianze na ipi?

Kopa. Ukianza na 1 uru na mpinzani akaingilia kwa 1 shupaza, kopa zako zimezikwa: pointi 7 hazikuruhusu kusema 2 kopa baadaye. Huu ndio mtindo unaoitwa Walsh, kwa jina la Richard Walsh wa California. Mwenye mkono dhaifu huruka uru na kutaja rangi kubwa (kopa au shupaza) kwanza; mwenye nguvu za kufika gemu (mkataba mkubwa wenye bonasi) hutaja uru kwanza kama ni ndefu zaidi, kwa kuwa atapata nafasi ya kusema tena.

Mtindo huu una nusu ya pili ambayo wengi huisahau. Baada ya 1 pau – 1 uru, aliyefungua akiwa na mkono wa mizani (usio na rangi ndefu sana wala fupi sana) husema 1 BT hata kama ana kopa nne, kwa sababu mwenzake mwenye kopa na mkono mwembamba angekwisha kuzitaja. Kama mmoja wenu anacheza Walsh na mwingine hachezi, aliyefungua kwa Walsh anaficha kopa nne, mwenzake asiyecheza Walsh, mwenye pointi 7, anapita, na kopa nane za upande wenu hazitajwi na mtu.

Tumeambiwa tucheze uungaji uliopinduliwa: 2 uru iwe na nguvu, 3 uru iwe dhaifu. Faida yake ni nini, na mbona kwetu inaleta fujo?

Asili yake ni mfumo wa Edgar Kaplan na Alfred Sheinwold. Mkono dhaifu wenye uru nyingi unataka kuwafungia wapinzani njia, basi urukie 3. Mkono wenye nguvu unataka nafasi ya kuzungumza, basi ubaki chini. Kwa hiyo 1 uru – 2 uru ni pointi 10 au zaidi, hauna rangi kubwa ya karata nne, na unalazimisha: aliyefungua haruhusiwi kupita.

Baada ya hapo mnatafuta vizuizi vya 3 BT, yaani karata za kuwazuia wapinzani wasile rangi nzima, kwa kupanda ngazi. Tazama mikono hii:

Aliyefungua: shupaza A-Q-4, kopa 7-5, uru K-J-8-6-3, pau A-7-4.
Anayejibu: shupaza K-8, kopa 9-6-3, uru A-Q-10-5-2, pau K-9-3.

Mnada: 1 uru – 2 uru – 2 shupaza – 3 pau – 5 uru. Neno zito hapo ni 2 shupaza. Aliyefungua ameiruka 2 kopa, maana yake kopa hana kizuizi. Anayejibu naye hana. Anataja pau badala ya kukimbilia 3 BT. Pointi ni 26, na wasiozungumza hivi wataingia 3 BT bila kufikiri. Wapinzani wana kopa nane. Zikigawanyika 4 kwa 4 utaponea chupuchupu, lakini mara nyingi zaidi upande mmoja unazo tano au sita, nao watazila zote kabla hujaonja kitu. Katika 5 uru unapoteza kopa mbili tu: pau moja ya mkono wenye K-9-3 unaitupa juu ya Malkia wa shupaza, kisha pau ya tatu ya mkono mwingine unaikata kwa turufu. Mizunguko 11 kamili, ndiyo inayodaiwa na 5 uru. Aliyefungua angekuwa na kopa tatu mbovu, asingerukia 5. Angesema 3 uru na kusubiri.

Fujo hutoka sehemu mbili. Moja, mtu anasahau na kusema 3 uru akiwa na pointi 11. Mwenzake, akidhani ni pazia la kuwazuia wapinzani, anapita na gemu inapotea. Pili, mpinzani akiingilia hamjui kama makubaliano bado yapo. Wengi huyaweka kando hapo: 2 uru inakuwa dhaifu ya kawaida, na mwenye nguvu hutaja rangi ya mpinzani.

1 uru – 1 shupaza – 1 BT. Nina shupaza tano, kopa nne, pointi 11. Mbona tunakosa kopa kila siku?

Kwa sababu aliyefungua hakuweza kuzitaja. Kusema 2 kopa hapo kunadai pointi 17 hivi, maana kunamsukuma mwenzake hadi 3 uru akitaka kurudi. Mwenye 13, uru tano na kopa nne, hulazimika kusema 1 BT.

Dawa ni ukaguzi wa njia mbili. Baada ya 1 BT, tamko la 2 pau linamwamuru aliyefungua aseme 2 uru, hata kama uru zenyewe hazimpendezi. Ukisema 2 kopa baada ya hapo, umeonyesha tano kwa nne na mwaliko wa gemu. Mwenye 13 au zaidi huanza na 2 uru moja kwa moja, nayo inalazimisha mpaka gemu. Mwenye pointi 7 na umbo hilohilo husema 2 kopa papo hapo, na mwenzake huchagua kisha kimya. Gharama yake: hamuwezi tena kusimama 2 pau. Ni bei ndogo.

Katika mashindano ya jozi, 5 pau au 3 BT?

3 BT, hata ikikuogopesha kidogo. Zikitimia bila ziada zote ni 400 (600 mkiwa kwenye hatari, hali ambayo bonasi na adhabu ni kubwa zaidi). Ukila mizunguko 10 katika 3 BT unapata 430, na aliyekula 12 katika 5 pau ana 420. Kwenye jozi, ambako alama yako hulinganishwa na za meza nyingine, pointi 10 hizo zinatosha kukuweka juu yake. Kwenye mechi za timu tofauti ya 30 ni alama moja tu, chagua mkataba salama.

Tuliuliza funguo (A nne na K ya turufu) kwa 4 BT, turufu ikiwa pau. Jibu likawa 5 uru, tukaishia 6 pau na kuanguka. Kosa la nani?

La ngazi. Majibu mengi ya 4 BT huruka juu ya 5 pau kabla hujajua kama inafaa kusimama. Ulizeni kwa rangi inayofuata turufu: turufu pau, swali ni 4 uru, turufu uru, swali ni 4 kopa. Hatua ya kwanza ni funguo 1 au 4, ya pili 0 au 3, ya tatu 2 bila Malkia wa turufu, ya nne 2 pamoja naye. Kwa pau hatua ya nne ni 5 pau yenyewe. Andikeni tu lini 4 uru ni swali na lini ni uru za kweli: ni swali pale pau zimekwisha kukubaliwa waziwazi.