Tarehe 26 Desemba tuiiteje, na je, kiporo ni tusi?

SWALI: Ninaishi Tabata. Mwaka huu ndugu wote wanakutana kwangu siku moja baada ya Krismasi, na nimewaandikia ujumbe huu: "Ndugu wapendwa, karibuni kwangu siku ya Boxing Day kuanzia saa 1:00. Tutakula makombo ya Krismasi, tutafanya starehe, na jioni tutaenda Coco Beach kupunga pepo." Kabla sijautuma, wifi yangu ameusoma akasema kuna neno la kuwatukana wageni. Mwanangu naye ameuliza kama siku hiyo kutakuwa na ngumi. Siku hii kwa Kiswahili inaitwaje, na nirekebishe wapi?

JIBU: Wifi yako amesema kweli kuhusu neno moja, na yapo mengine matatu ambayo hakuyagusa. Tuanze na jina la siku, maana huulizwa kila mwaka Desemba inapokaribia.

Sheria ya sikukuu ya Tanzania inaitaja tarehe 26 Desemba kwa jina la Boxing Day. Kwa hiyo tangazo la ofisi au kalenda ya shule ikiliacha jina hilo kama lilivyo, hakuna kosa. Jina lilitufikia kupitia utawala wa Waingereza. Kwao, siku moja baada ya Krismasi watumishi wa nyumbani, wapeleka barua na vijana wa dukani walipewa boksi la zawadi au fedha na watu waliowahudumia mwaka mzima, na mwaka 1871 sheria yao ikaiweka siku hiyo katika orodha ya siku za mapumziko ya benki. Boksi hilo ndilo linalotajwa katika jina. Ngumi hazimo. Mwanao amechanganyikiwa kwa sababu ya msingi kabisa: mapromota wa masumbwi hapa Dar es Salaam huipenda tarehe hiyo kwa mapambano, na mtoto anayeona mabango ya ndondi barabarani ataunganisha mambo mawili ambayo asili yake ni tofauti.

Tafsiri zinazosikika mitaani ni kama mbili. "Siku ya Kufungua Zawadi" haifai, kwa sababu desturi iliyozaa jina ilihusu kutoa, si kufungua. "Siku ya Kupeana Zawadi" imekaribia, lakini kiambishi -an- katika "kupeana" kinamaanisha huyu anampa yule na yule anampa huyu. Boksi la Waingereza lilikwenda upande mmoja tu, kutoka kwa mwajiri kwenda kwa aliyemtumikia. Na sisi zawadi ya namna hiyo tunayo, ina jina lake tangu zamani: mkono wa sikukuu, kama tunavyosema mkono wa Idi. Noti anayoikunja mama wa nyumba akampa dada wa kazi, mlinzi wa getini au watoto wa jirani waliokuja kuamkia, hiyo ni mkono wa sikukuu. Angalia tu usiliache neno peke yake. "Nimempa mkono" ni kusalimiana, na "mkono wa pole" ni wa msibani. Neno linalofuata ndilo linaloamua.

Sasa jina la siku yenyewe. Kiswahili kina utaratibu wake wa kuhesabu siku za sikukuu, nao ni wa mosi na pili: Idi Mosi, Idi Pili. Ni utaratibu uleule uliotupa Jumamosi na Jumapili, na ndio uliomo katika Mei Mosi ya wafanyakazi. Kwa kuufuata, tarehe 26 ni siku ya pili ya Krismasi, na hapo umesema jambo ambalo mtu wa Tandale na mtu wa Masaki wataelewa bila kuuliza. Wajerumani na Waholanzi nao huihesabu hivyo hivyo katika lugha zao.

Ila mpangilio wa maneno una uzito. "Siku ya pili ya Krismasi" ni siku inayofuata Krismasi. "Krismasi ya pili" ni Krismasi nyingine nzima, ya mwaka mwingine: "Hii ni Krismasi yao ya pili tangu wafunge ndoa." Kiunganishi "ya" kikisogea kidogo, mgeni anaweza kubaki kujiuliza ile ya kwanza ilikuwa lini. Ukitaka jina fupi la mdomoni, ondoa kiunganishi kabisa, useme "Krismasi Pili" kama Idi Pili. Halijazoeleka, lakini limeundwa vizuri kwa kanuni za lugha yetu, na mimi ningependa kulisikia likitumika. Kwa wanaosimulia baada ya tukio, "kesho yake" inatosha: "Krismasi tulishinda kanisani, kesho yake tukaenda Kigamboni." Neno "kesho" hapo halina uhusiano na leo ya msemaji, linahesabiwa kutoka siku iliyotajwa.

Wakatoliki wana jina lingine, kwa kuwa tarehe 26 katika kalenda yao ni Sikukuu ya Mtakatifu Stefano, shahidi wa kwanza, ambaye habari zake zimo katika Matendo ya Mitume, sura ya 6 na ya 7. Kama ukoo wenu ni wa Kikatoliki, jina hilo nalo ni halali na zuri. Na usiwe na wasiwasi kwamba salamu ya "Heri ya Noeli" imechelewa: kwao oktava ya Noeli, yaani siku nane za kuisherehekea, inaendelea mpaka tarehe 1 Januari.

Kisha chakula, na hapa wifi yako ana hoja nzito. Makombo ni chakula kilichobaki baada ya mtu kula: kilichoguswa sahanini, mfupa uliokwisha kutafunwa, punje zilizodondoka mezani. Katika Mathayo 15:27, yule mwanamke Mkanaani anaposema kuhusu mbwa wanaokula yaangukayo mezani, Biblia ya Kiswahili inatumia neno hilo hilo, makombo. Kumwalika mjomba wako aje kula makombo ni kumweka pabaya, hata kama hukukusudia.

Neno unalolitaka ni kiporo. Kiporo ni chakula kilichopikwa jana, kikabaki sufuriani bila kuguswa, kikalala. Hakina aibu yoyote. Nyumba yenye kiporo ni nyumba iliyokula na kusaza. Kipo katika ngeli ya KI-VI: kiporo kimelala, viporo vimelala, kiporo cha pilau, viporo vya jana. Unaweza pia kulipachika neno moja kwa moja baada ya jina la chakula: wali kiporo, pilau kiporo. Kwa watu wa pwani utasikia vilevile mwiku, yaani kiporo cha usiku kinacholiwa asubuhi na chai. Hilo ni finyu zaidi, na mlo wako ni wa mchana, kwa hiyo liache. "Mabaki" ni neno la jumla lisilo na ladha, linafaa zaidi kwa vitambaa na mbao kuliko kwa pilau. Ukoko ni kitu kingine kabisa: ni ule wali uliokauka na kugandia chini ya sufuria, na watoto huugombania siku ileile ya kupika.

Tahadhari mbili kuhusu kiporo. Kwanza, vijana wa Dar es Salaam wanasema "kupasha kiporo" wakimaanisha kurudiana na mpenzi wa zamani, na kwenye soka "kiporo" ni mechi iliyoahirishwa ambayo timu bado inaidai. Simba na Yanga huwa na viporo vyao wanapobanwa na mashindano ya Afrika. Kwa hiyo taja chakula chenyewe: "kupasha kiporo cha pilau". Pili ni tahadhari ya jikoni, na inaingia kwenye lugha kwa sababu ya vitenzi tunavyotumia. Chakula kilichopikwa huchacha, nyama na samaki huvunda, matunda huoza. Tunamwaga wali tunaposikia harufu ya kuchacha, lakini wali unaweza kudhuru kabla haujachacha. Kuna bakteria wa wali ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa nje katika joto la Desemba la jiji hili wanazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Pilau la tarehe 25 lisikae mezani kwa zaidi ya muda wa saa mbili. Lipakuliwe kwenye vyombo vipana visivyo na kina, lipoe haraka, liingie kwenye friji. Kesho yake nyunyiza maji vijiko vichache, funika, weka moto mdogo, na kama unatumia jiko la mkaa palia makaa machache juu ya mfuniko. Kitenzi ni hicho, kupalia. Koroga mara moja katikati, upakue moshi ukitoka mpaka ndani.

Neno linalofuata ni starehe. Katika Kiswahili cha wazee, kustarehe ni kukaa kwa utulivu, mgeni aliyeingia akiwaona watu wanataka kumwinukia alisema "Starehe!", maana yake kaeni, msijisumbue. Siku hizi hapa mjini jina "starehe" limehamia baa na kumbi za usiku, na "mtu wa starehe" si sifa ambayo mama mkwe angependa kuisikia. Kitenzi bado kimebaki na heshima yake kuliko jina. "Tustarehe" inapita, "tutafanya starehe" itawafanya wengine waulize kama watoto waje. Salama zaidi ni "tupumzike na kupiga soga". "Kula bata" ni ya marika, iache kwenye kundi la vijana.

Hata kupumzika kuna shimo lake. Umbo la -me- la kitenzi hiki, likisemwa juu ya mzee, hubeba habari ya msiba. Ukiandika kwenye kundi la ukoo saa tisa alasiri kwamba "Babu amepumzika", walioko Moshi na Songea wataanza kupiga simu za pole. Andika "Babu amejilaza kidogo" au "Babu anapumzika". Na kama lengo la siku hii ni kumwondolea mtu kazi aliyoibeba jana yake, tumia umbo la kusababisha: "Leo tunampumzisha mama, vyombo vitaoshwa na vijana." Sentensi hiyo inafaa kuwemo kwenye mwaliko wenyewe, ili kila mtu ajue zamu yake mapema.

Pepo nayo ni ya kurekebisha mara moja. Upepo una wingi wake, pepo, na huenda ndio uliokupeleka huko. Lakini "kupunga pepo" katika Kiswahili ni kumfanyia mtu matibabu ya ngoma na uganga ili kumtoa shetani aliyempanda. Mnachokwenda kufanya Coco Beach, mkila mihogo ya kukaanga huku mkitazama bahari, ni kupunga upepo, kwa umoja, hata mkiwa watu ishirini.

Saa 1:00 uliyoandika bila shaka umeitoa kwenye simu. Kwa Kiswahili hiyo ni saa moja, asubuhi au usiku, na shangazi anayeamka mapema anaweza kufika ukiwa bado unafagia uwanja. Andika saa 7:00 mchana. Kutaja kipindi cha siku ni lazima, maana bila hicho saa yetu haijakamilika. Na kwa wanaolala kwako tangu Krismasi, usiku huo ni "usiku wa kuamkia tarehe 26", si "usiku wa tarehe 26", ambao kwa wasomaji wengi ni usiku unaofuata.

Ujumbe ungeweza kusomeka hivi: "Ndugu wapendwa, karibuni kwangu Tabata siku ya pili ya Krismasi, tarehe 26 Desemba, kuanzia saa 7:00 mchana. Tutakula pilau kiporo na samaki wa siku hiyo, tutapumzika na kupiga soga. Siku hiyo tunawapumzisha mama zetu, vyombo ni vya vijana. Saa 10:00 jioni atakayependa tutakwenda Coco Beach kupunga upepo." Nimeongeza samaki kwa makusudi. Kiporo peke yake kwa wakwe ni ujasiri mkubwa, kikisindikizwa na kitu kilichopikwa siku ileile kinakuwa karamu. Nimeandika "mama zetu" na si "mama wetu", kwa kuwa majina ya undugu yasiyo na kiambishi cha wingi, kama mama, baba, dada, kaka na ndugu, huchukua "zetu" katika wingi ingawa ni watu: ndugu zetu wamefika, dada zetu wanakuja.

Bado kuna neno moja utakalolihitaji wageni wanapoondoka. Kumfungia mgeni ni kumwekea chakula cha kwenda nacho. "Nifungie kidogo" ni ombi la kawaida kabisa kwa mtu wa karibu. Lakini ukituma taarifa kundini, litaje jina la kitu: "Shangazi na watoto wamefungiwa pilau." Bila pilau, "wamefungiwa" ni adhabu ya mchezaji aliyezuiwa kucheza, au watu waliofungiwa mlango. Na usiandike "wamefungasha virago", hiyo ni ya timu iliyotolewa kwenye mashindano au mtu aliyefukuzwa nyumba.