JavaFX ikitaka kurudi uwanjani

Anayeijaribu JavaFX, maktaba ya Java ya kutengeneza programu zenye madirisha na vitufe, kwa mara ya kwanza mara nyingi haoni dirisha wala kitufe. Anaona ujumbe wa kosa kwamba vipande vya JavaFX havipo, kisha programu inajifunga. Chanzo ni mwaka 2018: JavaFX iliyokuja pamoja na Oracle JDK 8 (JDK ni kifurushi cha zana za kuandikia na kuendeshea Java) iliondolewa JDK 11 ilipotoka, ikabaki maktaba inayojitegemea chini ya mradi wa OpenJFX. Mradi ulipata uhuru wake, lakini mgeni aliachwa mlangoni.

Injini yenyewe bado ni nzuri. Michoro hupitia kadi ya picha, mwonekano hupangwa kwa CSS, lugha ileile ya kupamba kurasa za wavuti, na thamani ikibadilika kwenye data, skrini hufuata yenyewe. Kinachoiangusha ni safari mbili: ile ya kupakua hadi kuona dirisha la kwanza, na ile ya kutoa programu iliyokamilika kwenye mashine yako hadi kwenye kompyuta ya mteja. Nguvu za wanaoiendeleza ziende huko kabla ya kuongeza kitufe kingine chochote kipya.

Safari ya kwanza ina dawa rahisi. Azul na BellSoft hutoa JDK zenye JavaFX ndani, na ukurasa wa kwanza wa mafunzo ulipaswa kuanzia hapo. Anayetumia Maven, zana ya kujenga miradi ya Java, aweke javafx-controls na javafx-fxml, aongeze javafx-maven-plugin, aendeshe mvn javafx:run. Ukibonyeza kitufe cha kuendesha cha IDE, yaani programu unayoandikia msimbo, mambo yakagoma, ni kwa sababu Java hukagua darasa la kuanzia: likirithi Application, darasa la msingi la JavaFX, na moduli (kifungu cha msimbo) ya javafx.graphics haipo, inakataa papo hapo. Darasa dogo lenye main lisilorithi Application, linaloliita lile la kwanza, hupita ukaguzi huo. Litumie kujifunzia tu, maana mpangilio huo hautambuliwi rasmi na utaona onyo.

Kwenye FXML, faili la kuelezea mpangilio wa dirisha, makosa mawili hula saa nyingi. Ukiambiwa mahali pa faili hapajawekwa, getResource imerudisha null: faili haliko kwenye resources, au njia yake imekosewa herufi. Ukiambiwa kidhibiti (darasa linaloendesha dirisha hilo) hakifikiki, module-info, faili linalotaja moduli za programu yako, haijakifungulia kifurushi chake javafx.fxml kwa neno opens. Jumbe zote mbili zingeweza kutaja dawa palepale. Ni kazi ndogo ambayo ingewabakiza wageni wengi.

Programu ikishaanza, lawama ya kawaida ni kwamba JavaFX ni nzito. Mara nyingi mzito ni msimbo. Skrini inalenga kuchorwa mara 60 kwa sekunde, maana yake kila picha ina takriban milisekunde 16. Ukisoma hifadhidata ndani ya uzi (thread) uleule unaochora, dirisha linaganda. Weka kazi hiyo ndani ya Task, uiendeshe kwenye uzi mwingine, na matokeo yapokelewe kwenye setOnSucceeded. Jedwali la TableView nalo hutumia seli zilezile unaposogeza juu na chini, kwa hiyo updateItem isiposafisha maandishi na picha pale seli inapokuwa tupu, utaona majina ya bidhaa kwenye mistari isiyo na kitu.

Kwenye kompyuta za zamani za ofisini, dirisha jeupe au programu inayozimika ghafla mara nyingi ni tatizo la kiendeshi cha kadi ya picha. Anzisha kwa -Dprism.verbose=true uone njia ya uchoraji inayotumika, kisha jaribu -Dprism.order=sw, ambayo humwachia kichakataji kazi ya kuchora. Itapungua kasi, lakini duka linaloitumia litaendelea kuuza.

Safari ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo inayowapeleka watu Electron, mfumo wa kutengeneza programu za kompyuta kwa teknolojia za wavuti. Zana zipo: jlink hutengeneza Java ndogo yenye moduli unazohitaji tu, na jpackage, iliyokamilika kwenye JDK 16, hutoa faili la kusakinisha. Tabu inaanza pale jlink inapokataa maktaba zisizo na module-info, na maktaba za aina hiyo ni nyingi. Usihangaike kuzirekebisha. Pakua jmods za JavaFX (moduli zilizofungwa kwa ajili ya jlink), iambie jlink iunganishe moduli za JDK na za JavaFX peke yake, halafu maktaba nyingine zote ziingie kupitia --input ya jpackage pamoja na --runtime-image uliyotengeneza.

Orodha ya moduli utaipata kwa jdeps, zana ya JDK inayochunguza msimbo unategemea nini, ila usiiamini kikamilifu, kwani haioni kinachoitwa kwa siri wakati programu inaendeshwa. Kabla ya JDK 22, moduli ya usimbaji jdk.crypto.ec ikisahaulika, programu inafanya kazi vizuri kwako na inashindwa kuunganika na seva ya HTTPS kwa mteja. Iache javafx.web kama huna WebView (kivinjari cha ndani ya programu), maana ndiyo moduli nzito kuliko zote za JavaFX. Kwa Windows utahitaji WiX, zana ya kutengeneza mafaili ya kusakinisha, na kila mfumo lazima ujengewe juu ya mfumo wenyewe: huwezi kutoa msi, faili la kusakinisha la Windows, ukiwa Linux. Faili lisilosainiwa litakutana na onyo la SmartScreen, kinga ya Windows, na mteja mwoga ataishia hapo.

Pengo lililobaki wazi kabisa ni masasisho. Java Web Start, iliyopakua na kusasisha programu kutoka kwenye mtandao, iliondolewa kwenye JDK 11, na jpackage haina kitu cha kuziba nafasi yake. Hapa ndipo tungewekeza kwanza: moduli moja rasmi inayosoma namba ya toleo kwenye seva, inapakua vipande vilivyobadilika tu, inakagua saini, inabadilisha wakati wa kuanza upya, na inarudi toleo la nyuma ikishindwa. Kwa maduka na zahanati zinazonunua bando kwa megabaiti, kupakua upya faili zima kwa ajili ya kurekebisha ripoti moja ni gharama halisi. Hadi moduli hiyo ipatikane, weka --win-upgrade-uuid (kitambulisho cha programu kwa Windows) ileile kwenye kila toleo na upandishe namba ya toleo; uuid ikibadilika, mteja anaweza kubaki na programu mbili kwenye kompyuta moja, akafungua ile ya zamani.