Mpango wa miaka mitano wakati hata bei ya mwezi ujao siijui?

SWALI: Habari za kazi. Nina mashine ya kukoboa mpunga huku Ubaruku, Mbarali, nataka mkopo niongeze ya pili, sasa afisa mikopo ananiambia nilete mchanganuo wa miaka mitano. Jamani miaka mitano naitoa wapi wakati hata bei ya mpunga mwezi ujao siijui? Si nitaandika uongo tu?
Mama wa mashine, Ubaruku

JIBU: Mama yangu, bei ya mwaka wa nne hakuna anayeijua, na huyo afisa naye haijui, anachotaka kuona ni kama mashine itajilipa kabla haijachoka. Anza na hela, imefungwa kwenye nini na inarudi lini. Ya umeme na vibarua inarudi wiki hiyohiyo, basi ipangie kwa wiki. Mpunga unaonunua wakati wa mavuno bei ikiwa chini ukauze mwakani mwezi wa pili, huo upangie kwa msimu. Mashine ndo inataka miaka, maana ukishaifunga kwenye zege na kuvuta umeme wa njia tatu huwezi kuirudisha dukani eti umebadili mawazo.

Hata serikali inapanga hivyohivyo, kuna Dira ya 2050 ya maendeleo ya taifa, kuna mipango ya miaka mitano, halafu bajeti ya kila mwaka inayoanza Julai 1. Reli ya SGR kutoka Dar ilianza kujengwa 2017 abiria wakaja kuipanda 2024, sasa kitu kama kile ungekipangaje kwa bajeti ya mwaka mmoja?

Ila nakuomba sana usiende kuandikiwa stesheneri, wale wanachukua mwaka wa kwanza wanaongeza asilimia kumi kila mwaka mpaka wa tano, kwenye karatasi hakuna ukame wala rola zinazoisha, na atakayelipa deni ni wewe. Andika mwenyewe: mwaka wa kwanza mwezi kwa mwezi, wa pili kwa msimu, mitatu iliyobaki mistari michache tu ya rejesho, spea na mota. Mwaka mmojawapo uweke mbaya, mvua zimegoma na mpunga umekuja nusu, uone kama rejesho bado linatoka. Lisipotoka omba mkopo mdogo zaidi, au muombe afisa urejeshe kwa msimu badala ya kila mwezi, na hilo liombe kabla hujasaini.